Rekodi Moja, Seva Tatu: Kulinda Data za Wagonjwa Kando ya Ziwa Victoria

Rekodi ya mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori mara nyingi huzaliwa kwenye kompyuta moja iliyo ndani ya kituo chenyewe cha afya. Humo hukaa KenyaEMR, programu iliyojengwa juu ya mfumo wa rekodi za wagonjwa wa OpenMRS, inayohifadhi kila kitu katika hifadhidata ya MySQL: tarehe ya kuanza dawa, uzani, matokeo ya kipimo cha virusi, siku ya kurudi kliniki. Kompyuta hiyo ikiungua, ikiibwa au ikilowa maji Mto Nyando unapofurika hadi Ahero, historia ya maelfu ya watu inaweza kupotea kwa saa moja. Kinga yake ni kuwa na nakala nyingine ya hifadhidata ileile kwenye seva iliyo mbali, nakala inayojisasisha kila karani anapoandika jambo jipya. Seva hizo za mbali siku hizi hukodishwa kwenye wingu, na kuziendesha vyema ni kazi yenye kanuni zake.

Uzito wa kazi hiyo kando ya ziwa unaonekana katika takwimu. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta asilimia 4.9 ya watu wazima nchini Kenya wakiishi na virusi vya Ukimwi. Homa Bay ilikuwa asilimia 19.6, Kisumu 17.5, Siaya 15.3 na Migori 13.0. Tiba ni ya maisha yote, kwa hiyo rekodi inapaswa kudumu kuliko kompyuta yoyote inayoweza kununuliwa. Isitoshe, miongoni mwa wagonjwa wamo wavuvi na wachuuzi wa samaki, watu wanaohama na omena: mwezi huu Dunga, mwezi ujao Usenge, kisha Mbita au kisiwa cha Mfangano. Tabibu wa Mfangano anayempokea mtu aliyeanzia tiba Kisumu anahitaji kujua alibadilishiwa dawa lini na kwa nini. Asipojua atakisia, na ukisiaji huo ndio unaowapa virusi nafasi ya kuwa sugu.

Watu wa magharibi mwa Kenya si wageni wa rekodi za kompyuta. Februari 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, kilianza kutumia mfumo wa rekodi za kompyuta uliotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, mmoja wa mifumo ya mwanzo kabisa ya aina hiyo kusini mwa Sahara. OpenMRS ilianza kubuniwa 2004, na Februari 2006 ikaanza kazi Eldoret chini ya AMPATH, mpango wa vyuo hivyohivyo. KenyaEMR ilifuata 2012. Wizara ya Afya nayo ilikuwa imeingia kwenye wingu mapema: mwaka 2011 mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2 ulijaribiwa kwanza mkoa wa Pwani, kisha ukaenezwa nchi nzima mwaka huohuo, ukiendeshwa kwenye seva kuu ya wingu badala ya kusimikwa kwenye kompyuta ya kila wilaya. KenyaEMR ilibaki kituoni. Vituo hutuma data zake kwenye ghala la kitaifa, lakini ghala hilo lilijengwa kwa ajili ya takwimu na uchambuzi. Kliniki iliyopoteza seva yake asubuhi ya leo haiwezi kutegemea ghala hilo liifufue ifikapo mchana.

Kinachohitajika ni unakili wa hifadhidata, na moyo wake ni daftari la mabadiliko. Kila karani anapohifadhi fomu, seva kuu huandika badiliko hilo kwenye faili maalumu, likiwa na namba yake ya mfuatano. Seva ya nakala huunganika na seva kuu, husoma daftari kuanzia namba ilipoishia, na kurudia mabadiliko yaleyale kwa mpangilio uleule. Ikiwa zilianza zikifanana na hakuna badiliko lililorukwa, zitaendelea kufanana. Tangu toleo la 5.6 la mwaka 2013, MySQL huweza kukipa kila kifungu cha mabadiliko, yaani muamala, kitambulisho kisichojirudia popote duniani, na nakala iliyokatikiwa mawasiliano hujua yenyewe imekosa nini. PostgreSQL, hifadhidata ambayo ndiyo hubeba DHIS2, hufanya kazi inayokaribiana na hiyo tangu toleo la 9.0 la mwaka 2010.

Swali linaloamua mengine yote ni hili: je, seva kuu imngoje mwenzake kabla ya kumwambia karani kwamba fomu imehifadhiwa? Isipongoja, kazi huenda kasi, lakini seva kuu ikifa ghafla, mabadiliko ya sekunde za mwisho hufa nayo. Ikingoja, hakuna kinachopotea, ila kila fomu italipia safari ya kwenda na kurudi hadi seva ya mbali. MySQL ina njia ya katikati: seva kuu hungoja nakala moja ikiri kwamba imelipokea badiliko, hata kama haijalitekeleza. Hapo pana mtego ambao wasimamizi wengi huugundua wakiwa wamechelewa. Kwa mpangilio wa kawaida, nakala isipojibu ndani ya sekunde 10, seva kuu huacha kungoja na kuendelea peke yake. Karani haoni tofauti yoyote. Kinga waliyodhani wanayo imeondoka, na ujumbe pekee umeandikwa kwenye faili ambalo huenda halisomwi na mtu.

Gharama ya kungoja hutokana na umbali. Mwanga hupita ndani ya faiba kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kisumu hadi Nairobi kwa barabara ni kama kilomita 350, hivyo safari ya kwenda na kurudi haiwezi kuzidi sana milisekunde 4 njia ikiwa safi. Kutoka Nairobi hadi Cape Town ni zaidi ya kilomita 4,000 kwa mstari ulionyooka, yaani milisekunde 40 hata kabla ya kuhesabu mizunguko ya nyaya kando ya pwani. Kwa fomu moja hiyo si kitu. Kwa programu inayoandika mamia ya mabadiliko mfululizo, kila moja likingoja lililotangulia, tabibu ataona skrini imeganda huku foleni ikirefuka.

Umbali una hatari nyingine iliyojidhihirisha tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika karibu na Mtunzini, Afrika Kusini. Intaneti ilidorora Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingine za ukanda huu. Kampuni kubwa za wingu zilikuwa zimejenga vituo vyao vya Afrika hukohuko kusini: Microsoft ilifungua Johannesburg na Cape Town Machi 2019, Amazon ikafungua Cape Town Aprili 2020, Google ikafika Johannesburg Januari 2024. Hospitali ya Kisumu iliyoweka seva zake zote Cape Town ilikuwa imeufunga uhai wa kliniki kwenye nyaya hizo. Safaricom iliishi na utegemezi wa aina hiyo miaka mingi. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza 2007, iliendeshwa kutoka seva zilizokuwa Ujerumani hadi ilipohamishiwa Kenya Aprili 2015.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la data nyeti, na Kanuni za 2021 chini ya sheria hiyo zinazitaja huduma za afya ya msingi na ya ngazi ya pili miongoni mwa shughuli ambazo data zake zinapaswa kuchakatwa kupitia seva iliyo Kenya, na angalau nakala moja inayofanya kazi ihifadhiwe katika kituo cha data kilicho nchini. Kanuni hiyo inakubaliana na akili ya kawaida ya uhandisi. Nakala kuu ya wingu na ya pili zikae Kenya katika majengo mawili tofauti, kwa mfano Konza na Nairobi, na ya tatu, ikiwa sheria na kamishna wa data wameridhika, ikae mbali ili kuokoa hali siku ambayo nchi nzima imepatwa na balaa moja. Balaa hilo si la kufikirika: usiku wa 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya yote, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani.

Kazi ya kusimika huanza na mashine zenyewe. Seva tatu zenye kumbukumbu na diski zinazolingana hukodishwa, kwa kuwa nakala dhaifu kuliko seva kuu itabaki nyuma kila siku ya kliniki yenye watu wengi, na siku itakapolazimika kuwa seva kuu itazama. Diski ya data hutenganishwa na diski ya mfumo. Saa za mashine zote hulinganishwa kupitia mtandao. Kila seva hupewa namba yake, kisha hukaguliwa kitambulisho ambacho MySQL hujitengenezea inapoanza mara ya kwanza. Msimamizi anayetengeneza seva ya pili kwa kunakili taswira nzima ya mashine ya kwanza huzaa mapacha wenye kitambulisho kimoja, na seva hizo zitafukuzana kwenye muunganisho bila kukoma. Seva za nakala hufungwa zisikubali kuandikwa na mtu yeyote, hata msimamizi. Karani mmoja akisahihisha jina moja upande wa nakala, tayari kuna hifadhidata mbili zinazotofautiana.

Baada ya hapo hutengenezwa nakala ya mwanzo, ambayo lazima iwe picha ya dakika moja kamili, pamoja na namba ya daftari ilipoishia. Kwa kituo cha Mfangano au Muhoro Bay kinachotegemea modemu ya simu, kupakia hifadhidata nzima hewani ni kupoteza siku na vifurushi vya data. Ni afadhali kuisimba kwenye diski, kuivusha kwa boti na gari hadi mjini Kisumu penye faiba, na kuipakia hapo. Mabadiliko ya siku zilizopita yatafuata yenyewe kupitia daftari.

Muunganisho wa kituo na wingu una ugumu ambao vitabu vingi, vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wenye vituo vya data, huupita haraka. Katika MySQL ni nakala inayoitafuta seva kuu. Hapa seva kuu ni kompyuta ya zahanati iliyo nyuma ya modemu ya Safaricom au Airtel, ambayo kwa kawaida haina anwani inayofikika kutoka nje. Suluhisho ni njia ya faragha iliyosimbwa, kwa programu kama WireGuard, inayofunguliwa kutoka zahanati kuelekea wingu. Ikishafunguka, seva ya wingu huipita kurudi hadi zahanati. Mlango wa hifadhidata haufunguliwi kwa intaneti yote hata kwa saa moja ya majaribio. Data hizi zinataja nani ana virusi vya Ukimwi, na katika kijiji cha wavuvi ambako watu wote wanafahamiana, kuvuja kwa ukurasa mmoja kunaweza kuvunja ndoa au kumfukuza mtu kazini.

Wapo wanaopendekeza kuondoa kabisa kompyuta ya kituo, kila karani aandike moja kwa moja kwenye wingu. Kwa hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga iliyo mjini, yenye uwezo wa kuwa na njia mbili za faiba, hoja hiyo ina mashiko. Kwa visiwa na fuo za Suba na Bondo, ambako radi za ziwa huangusha umeme na minara ya simu pamoja, haina. Mgonjwa aliyevuka maji kwa nauli yake hawezi kuambiwa arudi kesho kwa sababu mtandao umepotea. Maandishi ya kwanza yabaki kituoni, wingu lipokee baadaye. Hata huko kituoni, MySQL inapaswa kupangwa iandike kila muamala hadi kwenye diski kabla ya kuukiri. Mpangilio wa haraka zaidi hufurahisha hadi stima ipotee.

Uamuzi huo wa kuandikia kituoni huzaa tatizo la kuunganisha. Seva moja ya wingu inaweza kupokea madaftari ya vituo vingi, uwezo ambao MySQL imekuwa nao tangu toleo la 5.7 la mwaka 2015. Lakini ndani ya OpenMRS kila kituo huwahesabu wagonjwa wake kuanzia 1, na mgonjwa wa 1 wa Ahero si mgonjwa wa 1 wa Kombewa. Wakimwagwa kwenye jedwali moja watafutana. Kwa hiyo kila kituo hupewa hifadhidata yenye jina lake kwenye wingu, na kazi ya kuwaunganisha hufanywa juu yake kwa vitambulisho vya kudumu. Waandishi wa OpenMRS waliliona hili mapema wakaipa kila rekodi kitambulisho kirefu cha kipekee. Kliniki za Ukimwi nchini nazo hutumia namba ya mgonjwa inayoanza na msimbo wa kituo alikoandikishwa, namba ambayo anahama nayo. Namba ya kitaifa ya utambulisho wa mgonjwa, NUPI, imekusudiwa kumaliza utata uliobaki, na itafanya hivyo pale tu makarani watakapokuwa na nafasi ya kuitafuta kabla ya kumwandikisha mtu upya.

Seva kuu ya wingu inapokufa, mojawapo ya nakala lazima ishike usukani, na hapa ndipo makosa ghali zaidi hutokea. Nairobi isipoisikia Konza, haiwezi kujua kama Konza imekufa au ni waya tu umekatika. Ikijitangaza kuu wakati Konza ingali hai, kutakuwa na seva mbili zinazopokea maandishi tofauti, na kuzipatanisha baadaye ni kazi ya mikono, rekodi kwa rekodi. Ndiyo sababu seva huwekwa tatu. Zinafuata utaratibu wa kamati ya chama: pasipo akidi hakuna uamuzi. Seva inayoonana na mwenzake mmoja ina wawili kati ya watatu na inaruhusiwa kuendelea. Iliyobaki peke yake hunyamaza na kukataa maandishi. Mfumo wa Raft, uliochapishwa na watafiti wa Stanford mwaka 2014, umekuwa njia maarufu ya kupiga kura hiyo, na Galera, iliyotoka Finland, hutumia kanuni ya akidi kwa hifadhidata za jamii ya MySQL. Seva mbili hazitoshi, kwa kuwa zikitengana hakuna yenye wingi.

Hata wataalamu wakubwa wameumia hapa. Tarehe 21 Oktoba 2018 kampuni ya GitHub ya Marekani ilipoteza mawasiliano kati ya majengo yake ya pwani ya mashariki kwa sekunde 43. Programu ya kubadilisha usukani ilizipa seva za pwani ya magharibi ukuu, ilhali za mashariki zilikuwa na maandishi ya sekunde chache ambayo hayakuwa yamevuka. Kurekebisha hali kulichukua saa 24 na dakika 11. Kwa kaunti yenye wataalamu wachache, somo lake ni kwamba usukani ubadilishwe na mtu, kwa maagizo yaliyoandikwa na kufanyiwa mazoezi, labda ndani ya nusu saa. Vituo vinaendelea kuandikia kompyuta zao wakati huo, hivyo nusu saa hiyo haimzuii mgonjwa yeyote kupata dawa.

Nakala hizi zote haziondoi haja ya akiba. Amri ya kufuta jedwali ikitolewa kimakosa kwenye seva kuu, itafika kwenye nakala zote ndani ya sekunde moja, kwa uaminifu uleule unaopeleka data nzuri. Kampuni nyingine, GitLab, ilijifunza hivyo tarehe 31 Januari 2017: mhandisi aliyekuwa akihangaika na nakala iliyobaki nyuma alifuta saraka ya data kwenye seva kuu, takriban gigabaiti 300. Kampuni ilikuwa na njia tano za akiba, na hakuna iliyofanya kazi ilivyotarajiwa. Iliokolewa na picha ya diski iliyopigwa saa sita hivi kabla, kwa kazi nyingine, na maandishi ya saa hizo yakapotea. Nakala ya akiba inapaswa kutolewa kila usiku, isimbwe, iwekwe kwenye akaunti ambayo nywila ya msimamizi wa kila siku haiwezi kuifuta, na madaftari ya mabadiliko yahifadhiwe nayo ili data irejeshwe hadi dakika iliyotangulia kosa.

Uendeshaji wa kila siku hauna fahari. Kipimo cha kwanza ni nakala iko nyuma kwa muda gani, na kipimo ambacho MySQL hutoa chenyewe kinaweza kuonyesha sifuri hali mtandao umekwama na hakuna kinachopokelewa. Njia ya kuaminika ni kuandika saa kwenye jedwali dogo la seva kuu kila sekunde na kuisoma upande wa nakala. Kipimo cha pili ni nafasi ya diski. MySQL 8 huhifadhi madaftari siku 30 isipoambiwa vingine. Kituo kilichokosa mtandao kupita muda huo hakitaweza kuendelea kilipoachia, kitaanza na nakala mpya. PostgreSQL inaweza kupangwa iyahifadhi hadi nakala irudi, lakini basi nakala iliyosahaulika itajaza diski ya seva kuu hadi isimame.

Kuna pia ankara. Wingu ni la kukodi, kwa kawaida kwa dola, na dola moja iliyokuwa ikiuzwa kwa takriban shilingi 160 Januari 2024 ilishuka hadi karibu 130 miezi michache baadaye. Bajeti ya kaunti haikuandikwa kwa mawimbi kama hayo. Sehemu kubwa ya mifumo ya Ukimwi Nyanza imelelewa na fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, na agizo la nchi hiyo la kusimamisha misaada ya nje lilipotoka Januari 2025, miradi iliyozitegemea ilitikisika mara moja. Seva isiyolipiwa huzimwa, na baada ya muda diski zake hufutwa. Hakuna akidi wala daftari linaloweza kuzuia hilo. Kodi ya seva hizi inapaswa kuandikwa katika bajeti ya afya ya kaunti, kando ya dawa na mishahara.

Kabla ya kukodi seva nyingine, basi, kila ofisi ya afya ya kaunti zilizo kando ya ziwa ichague kituo kimoja kila robo mwaka, ichukue akiba yake ya usiku uliopita, iirejeshe kwenye mashine tupu, ihesabu wagonjwa na kulinganisha na kituo chenyewe, kisha matokeo na saa zilizotumika yawekwe mezani pa mkurugenzi wa afya wa kaunti kwa maandishi.